Despina Hapokei Wageni Mwaka Huu

Kwa miaka ishirini na minne, kila ilipofika tarehe kumi na tano Agosti, Despina alikuwa hakai. Sitii chumvi. Kukaa, kule kuweka makalio kwenye kiti na kuyaacha hapo, ilikuwa kazi ya wengine. Siku ya Bikira Maria ndiyo siku ya jina lake, maana kwa Wagiriki Despina, yaani Bibi, ni jina la Bikira, na siku ya jina haina kadi wala mwaliko. Mwenye jina huacha mlango wazi, na yeyote anayemjua, au anayemjua anayemjua, hupanda ngazi na boksi la keki mkononi, husema "Miaka mingi!", hula, hunywa, halafu hukaa. Akishakaa, kumnyanyua ni mpaka ukweli uingie kichwani kwamba naye ana kwao.

Wakati huo Athene yote huwa imehama. Katikati ya Agosti unaweza kulala katikati ya barabara kuu na hakuna gari litakalokupigia honi, maana magari yote yapo kwenye matumbo ya meli yakielekea visiwani. Lakini ukoo wa mume wa Despina haukuwa ukiondoka mpaka tarehe kumi na sita. Sababu aliitoa wifi yake, Polixeni, mdomo ukiwa umejaa: "Visiwa havikimbii, wifi. Pai yako ya jibini ndiyo inayoisha."

Mwaka uliopita walikuja sitini na mmoja. Jioni, bibi mmoja ambaye hakuna aliyejua ni wa nani alimwomba Despina maji ya baridi, akayanywa yote, akamshika mkono kwa huruma.

"Wewe msichana ni mchapakazi kweli," akamwambia. "Mwenye nyumba alikupata wapi?"

Despina akaenda jikoni, akafunga mlango, akakiangalia kiti cha jikoni. Juu ya kiti palikuwa na sinia. Hapo ndipo alipoamua kwamba mwakani, tarehe kama hiyo, yeye atakuwa amekaa na mtu mwingine ndiye atakayekuwa amesimama.

Sasa, Despina si mtu wa kuamua kitu kikabaki kuwa wazo. Kazi yake ni kupanga zamu za madereva kwenye depo ya mabasi ya umeme, yale yenye pembe mbili zinazoshika nyaya. Madereva mia mbili na kumi, kila mmoja ana mgongo unaouma siku tofauti, na bado mabasi hutoka. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia jambo haliwezekani, anakuuliza haliwezekani saa ngapi.

Njia ya mkato alikuwa ameshaijaribu. Miaka mitatu nyuma aliwatangazia watu kwamba mwaka huo hapokei wageni. Tatizo ni kwamba mtu wa kwao haachi kupokea wageni siku ya jina lake mpaka awe na msiba. Kufika saa nne asubuhi, Polixeni alikuwa mlangoni amevaa nyeusi juu mpaka chini, machozi yanamtoka, mikononi ameshika bakuli la ngano ya kuchemsha ya matanga.

"Ni nani, wifi yangu?" akalia. "Usinifiche. Ni nani aliyekufa?"

Nyuma yake kwenye ngazi walikuwa wamepanga mstari wengine arobaini, nao wamevaa nyeusi. Despina aliwapikia wote. Waombolezaji, jamani, wanakula kuliko washerehekeaji.

Kwa hiyo safari hii alijua kwamba kufunga mlango hakutoshi. Inabidi aondoke, tena aende mahali ambapo bahari ipo katikati. Mwezi Februari, mvua ikiipiga roshani, alitandaza ramani ya visiwa juu ya meza ya jikoni, akaweka ratiba ya meli pembeni na penseli nyuma ya sikio. Alivipitia visiwa kama anavyopitia majina ya madereva. Mikonos: kelele. Santorini: ngazi, tena za kupanda, na watu waliosimama mahali pamoja wakilipiga jua picha. Paros: binamu wawili wa mumewe, Stratis, na mwingine mchumba wa mmoja wao. Akashuka chini polepole mpaka kwenye vile visiwa vidogo vilivyolala kati ya Naksos na Amorgos kama makombo ya mkate, akaweka ncha ya penseli juu ya Kufonisi. Mchanga mweupe, maji ambayo ukitumbukiza mguu unahesabu vidole vyako, na kisiwa kizima unakizunguka kwa miguu kabla chakula hakijaiva. Akapiga simu, akapata chumba. Kumi na nne mpaka ishirini na moja Agosti.

Asubuhi alimwambia mumewe. Stratis alikuwa akichovya mkate kwenye kahawa.

"Usimwambie mtu," Despina akasema.

"Mimi?" Stratis akajipiga kifua. "Mimi ni kaburi."

Kaburi hilo lilifukuliwa kabla ya saa sita mchana.

"Wifiii!" Sauti ya Polixeni kwenye simu ilikuwa kubwa kiasi kwamba madereva watatu waliokuwa wakisubiri zamu zao waligeuka. "Eti unakwenda Kufonisi siku ya jina lako, peke yako, kama mtoto wa watu aliyetupwa? Sisi tumekufa? Nimeshawapigia simu kule. Sisi ni sita, na Mama ni wa saba."

"Polixeni, mimi na Stratis tulikuwa tunataka..."

"Najua mlichokuwa mnataka, mlikuwa hamtaki kutusumbua. Ndiyo maana nakupenda. Sasa niambie, hicho chumba chako kina jiko?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Kina jiko dogo."

"La plate mbili au nne?"

"Polixeni."

"Maana Mama ameshawaambia ndugu wa upande wa Volo, na upande wa Volo wakisikia bahari hawabaki nyuma."

Jioni Stratis alipoingia alikuta mkewe amesimama katikati ya sebule. Akavua kofia mwenyewe bila kuambiwa.

"Alinibana," akasema. "Ni dada yangu. Nikimdanganya anajua."

"Alikuuliza nini hasa?"

Stratis akaangalia ncha za viatu vyake. "Aliniuliza habari za asubuhi."

Kufikia Kwaresima, wa kwenda Kufonisi walikuwa thelathini na wanane. Walikuwa wamechukua vyumba vyote vya mtaa mmoja na nusu ya mtaa wa pili, na mjomba mmoja wa Volo alikuwa amekodi kitanda kwenye ghala la nyavu na kusema amefurahi. Yeyote mwingine angelia, au angefuta safari. Wenzake wa depo walisubiri waone. Lakini dereva wako akipiga simu alfajiri kusema mgongo umekataa, hulii. Unasogeza basi lingine. Despina alirudi kwenye meza ya jikoni, akaisoma upya ratiba ya meli, safari hii akiisoma kwa kidole, kituo baada ya kituo.

Meli ya tarehe kumi na nne ilikuwa ile ya polepole, inayotoka Pirea saa nne asubuhi na kusimama kila palipo na nanga. Siros. Naksos. Iraklia. Skinusa. Kufonisi.

Akakiangalia kituo cha tatu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Kesho yake alimpigia Polixeni. "Wifi, watu thelathini na wanane kila mtu akikata tiketi yake tutapotezana bandarini. Niachieni mimi. Kupanga ndiyo kazi yangu."

"Unaona?" Polixeni akapaza sauti kumwambia mtu aliyekuwa naye. "Nilikwambia ana moyo wa dhahabu!"

Basi Despina akakata tiketi arobaini. Thelathini na nane zilisema Kufonisi. Mbili zilisema Iraklia. Chumba cha Kufonisi akakihamishia kimyakimya kwa jina la yule mjomba wa ghala la nyavu. Halafu akapiga simu Iraklia, kwa mama mmoja aliyekuwa akikodisha chumba nyuma ya kanisa.

"Chumba ni kizuri, mwanangu," yule mama akasema, "ila nikwambie ukweli, hakina jiko. Nisamehe."

"Usiombe radhi, mama. Usiombe radhi kabisa. Viti je?"

"Viti vipo."

"Vya kukalia?"

"Sasa, mwanangu, kwenu viti ni vya nini?"

Lilibaki jambo moja, na hilo ndilo lililokuwa kubwa. Despina alitaka kukaa, hakutaka kukimbia. Akiteremka melini kimyakimya, ukoo utafika Kufonisi na maboksi yake ya keki, utasimama mbele ya mlango usio na mtu, na jambo hilo litasimuliwa kwenye harusi za wajukuu wa wajukuu: yule mkwe aliyewafungia mlango siku ya Bikira. Hapana. Ilibidi wamtakie heri wote, yeye awape kitu watie mdomoni, deni la desturi liishe, halafu ndiyo ashuke. Na yote hayo ndani ya meli, kabla ya Iraklia, tarehe kumi na nne.

Tarehe kumi na nne si kumi na tano, hilo hata mjomba wa ghala la nyavu alilijua. Lakini kanisani siku haianzi asubuhi kama ofisini. Sikukuu huingia jioni ya kuamkia, kengele ya sala ya jioni ikilia. Iraklia sala hiyo ilikuwa saa moja kamili, alikwishauliza. Meli ilitakiwa kufika Iraklia saa moja na robo. Dakika kumi na tano. Despina amewahi kubadilisha madereva sita kwa dakika nne.

Ila hesabu hiyo ilitaka mtu mmoja aikubali, na mtu huyo alikuwa mama mkwe wake. Bi Evanthia alikuwa mjane wa padri, mdogo wa umbo kama kinanda cha mtoto, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho kwenye ukoo kuhusu nani azikwe wapi na mtoto aitwe nani. Akisema sikukuu imeingia, imeingia. Akisema bado, Despina atakaa melini mpaka Kufonisi na kuingia jikoni. Alifikiria kumwuliza mapema. Akaacha. Bi Evanthia ukimwuliza jambo leo, kesho Polixeni analijua, na Polixeni akilijua hakuna tena jambo.

Mumewe naye hakumwambia kitu. Stratis alifunga mabegi akijua anakwenda Kufonisi.

Siku ilipofika walipanda meli wote arobaini, na sitaha ya nyuma ikawa yao. Walikuwa na mifuko, vikapu, kofia za majani na redio. Polixeni alipanda wa mwisho, anahema, amekumbatia kitu kilichofunikwa kwa shuka.

"Sapraizi!" akasema, akafunua. Sufuria. Mtoto wa miaka mitano angeogea humo na nafasi ikabaki. "Nimelibeba kutoka nyumbani. Nikajisemea, maskini wifi yangu, kisiwani atapata wapi la watu arobaini?"

"Mungu akuzidishie," Despina akasema, na alimaanisha.

Siros walifika mchana. Wachuuzi wa huko wenye makoti meupe waliingia melini na vikapu vyao, na Despina akanunua lukumi, maboksi manane, zile peremende laini za vipande vya mraba zilizogaragazwa kwenye sukari ya unga. Walikuwa bado kwenye mfungo wa Bikira, nyama hapana, maziwa hapana, na lukumi ni maji, sukari na wanga tu. Hata mjane wa padri hakuwa na pa kuikamatia.

"Zote hizo za nini?" Stratis akauliza.

"Habari za mchana?" Despina akamjibu.

Baada ya Naksos upepo wa kaskazini ukazidi. Ule upepo wa Agosti unaopeperusha vitambaa vya meza mpaka kisiwa cha jirani. Uliishika meli mgongoni ukaisukuma, na ndipo lilipotokea jambo ambalo Despina, pamoja na penseli yake, hakuwa amelipangia. Katika miaka yote ambayo meli zimekwenda visiwani, zimechelewa kwa sababu ya upepo, mgomo, mbuzi na mechi ya mpira. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, meli iliwahi. Saa moja kasoro ishirini Iraklia ilikuwa mbele yao, na nyumba zake nyeupe, na kanisa lake, na kengele ya kanisa imetulia tuli kama kitu cha kuchorwa.

Despina akaangalia saa. Akaangalia kengele. Akafungua boksi la kwanza.

"Jamani, mmoja mmoja!" akaita. "Shikeni, lakini msile bado."

"Kwa nini tusile?" Polixeni akauliza. Alikuwa ameshamaliza cha kwanza, masharubu ya sukari yamemwota. "Nipe kingine cha kushika."

Kipaza sauti kikakoroma: abiria wa Iraklia washuke kwenye sitaha ya magari. Nahodha akaigeuza meli ili aingie kinyumenyume, kama kawaida. Nanga ikashuka, minyororo ikapiga kelele, na upepo ukaisukuma meli ubavuni ikakosa gati kwa mita kumi. Watu wa gatini wakapiga kelele za ushauri. Nahodha akapandisha nanga, akatoka nje, akaanza upya. Despina alikuwa amesimama katikati ya watu thelathini na wanane walioshika lukumi kama mishumaa, na moyo wake, ukweli ni huo, ulikuwa umetulia. Upepo huo huo uliomwahisha ndio uliokuwa ukimrudishia dakika zake, moja moja.

Mara ya pili nyuma ya meli ilikuwa inakaribia gati kengele ilipolia. Ilipiga kwa haraka na kwa furaha, halafu kipaza sauti cha kanisa kikaanza, na sauti ya padri ikateremka kilima chote mpaka majini.

"Haya," Despina akasema. "Kuleni. Sikukuu imeingia. Nawakaribisha."

Wakatazamana.

"Imeingia wapi?" Polixeni akasema. "Wifi, jua limekupiga. Leo kumi na nne. Siku yako ni kesho, kesho tutakula, leo tunasafiri."

"Kengele hiyo ni ya nini?"

"Kengele ni kengele! Mimi kwangu siku ni asubuhi. Mama, mwambie."

Watu wote wakamgeukia Bi Evanthia. Alikuwa kwenye benchi, mgongo umenyooka, kitambaa cheusi kimefungwa vizuri kichwani, lukumi yake juu ya kitambaa cha mezani pajani. Hakula, kwa kuwa aliambiwa asile. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Chini, mlango mkubwa wa nyuma ulikuwa umeanza kuteremka kwenda gatini. Despina akafunika boksi la lukumi. Kuna dereva wa kumbembeleza, na kuna dereva wa kumwacha afikiri.

Bi Evanthia akaitia lukumi mdomoni. Akaitafuna taratibu, kama mtu anayesoma. Sukari ikamwagika kwenye nguo yake nyeusi, akaipangusa.

"Nimeishi na padri miaka arobaini na miwili," akasema. "Jioni ya kuamkia Bikira alikuwa hali kwangu, alikuwa kwenye sala. Angekuwa anawaona nyinyi hapo kanisani jioni hata mara moja, msingeuliza leo siku inaingia lini." Akainua uso. "Miaka mingi, mkwe wangu. Bikira akulinde."

Basi ikaisha. Mama akishasema, nani atabaki na lukumi mkononi? "Miaka mingi!" wakapiga kelele thelathini na saba, "Miaka mingi, Despina! Ufurahie jina lako!" wakambusu shavu hili na lile, kila busu na sukari yake, mpaka akawa mweupe kama aliyetoka kwenye kinu. Polixeni alimbusu wa mwisho, bado anabisha.

"Sawa, leo tumekutakia. Lakini kesho pia tutakutakia, na kesho tutakula vizuri."

"Stratis," Despina akasema, "chukua mabegi."

"Bado vituo viwili."

"Chukua mabegi, baba. Tumefika."

Stratis akaangalia kisiwa, akaangalia tiketi ambayo Despina alimtia mkononi, akasoma. Uso wake ulipita sehemu nyingi kwa muda mfupi, na mwisho ukatua kwenye furaha ya mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Akabeba mabegi yote mawili kwa mkono mmoja.

"Wanashuka!" mjomba wa Volo akasema. "Wanashuka hapa!"

Bi Evanthia alimshika Despina kiwiko akipita. "Hicho chumba chenu," akasema kwa sauti ya chini, "kina kitanda cha tatu?"

Despina akamtazama machoni. "Hapana, mama."

"Vizuri. Ungesema kipo ningejua unaniogopa." Akamwachia kiwiko. "Nenda, watakufungia mlango."

Walipita kati ya magari wakikimbia, na walipogusa gati mlango ulikuwa tayari unapanda nyuma yao. Juu, ukoo mzima ulikuwa umejipanga kwenye chuma cha sitaha, mstari mrefu wa kofia na midomo wazi.

"Despina!" Polixeni aliinama mpaka nusu ya mwili ikawa nje. "Na kesho nani atatupikia?"

Kabla Despina hajafungua mdomo, Bi Evanthia alijibu bila kugeuza kichwa, na upepo ukaleta kila herufi mpaka gatini.

"Mwenye sufuria ni nani?"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwenye mgahawa wa bandari. Hata Polixeni alicheka, baadaye kidogo, kwa shingo upande. Meli ikapiga honi, ikageuka, ikaondoka na wote.

Mama mwenye chumba aliwapokea kwa maji baridi na kijiko cha matunda ya sukari. Jina lake Maruso. Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyekanda mikate ya dunia, na alikuwa akikata viazi wakati anazungumza nao.

"Kesho mniwie radhi kwa kelele," akasema. "Maruso ni Maria. Siku yangu. Kisiwa kizima kitakuwa hapa uani kwangu baada ya kanisa. Njooni nanyi, msiogope, hakuna anayealikwa."

Stratis akamtazama mkewe. Despina hakutikisika.

Kesho yake, kanisa lilipomalizika na mfungo kufunguliwa, uwanja wa Bi Maruso ulijaa mpaka ukutani. Despina aliingia kama mgeni. Alikuwa na boksi la keki mkononi, akasema "Miaka mingi!", akabusu, akatafuta kiti chini ya mzabibu, akakaa.

Si rahisi, mjue. Dakika tano za kwanza alikaa kama mtu aliye kwenye chumba cha daktari wa meno. Bi Maruso alipita na sinia tatu, na Despina akaona kabisa kwamba ya kushoto imekaa vibaya. Mtu mmoja aliomba mkate. Meza ya kwanza ilikuwa na mkate, ya tatu haikuwa nao, na kati ya meza mbili hizo hakuna aliyekuwa akifikiria lolote. Vidole vikaanza kumwasha. Miguu, yenyewe bila kutumwa, ikajivuta nyuma kwenye kiti kama inataka kusimama.

"Despina," Stratis akamnong'oneza.

"Nimekaa," akasema Despina, mikono ameikalia. "Nimekaa, unaniona?"

Nyama ya mbuzi ikatoka tanurini na viazi vyake, na watu wakasogeza sahani zao. Mzee mmoja aliyekuwa upande wa pili wa meza, mwenye kofia ya baharia na maswali mengi, akamnyooshea uma.

"Wewe mgeni, sijakujua. Unaitwa nani?"

Meza ikasikiliza. Stratis akashika glasi yake, akafumba mdomo kwa nguvu, jambo ambalo kwa Stratis ni la kupewa nishani. Angeweza kusema Eleni. Angeweza kusema Katina. Hakuna aliyekuwa akimjua kwenye kisiwa kile, ndiyo sababu alikuja.

"Naitwa Despina," akasema.

Kelele iliyopigwa hapo, ndege wa kanisani waliruka. Despina! Siku yake! Amekaa kimya! Mikono ikamfikia kutoka pande zote, miaka mingi, miaka mingi, na Bi Maruso akaja mbio kutoka jikoni, uso mwekundu, kijiko cha kupakulia hewani.

"Siku yako, na umekaa kwangu kama jiwe!"

Despina akainuka nusu. Ilikuwa mazoea, miaka ishirini na minne haiishi kwa siku moja. "Bi Maruso, ngoja nikusaidie hizo sahani."

"Thubutu!" Kijiko kikamshukia begani, si kwa nguvu, ila kwa amri. "Nyumba moja, mwenye siku mmoja akichoka inatosha. Leo ni mimi. Kaa chini."

Akakaa. Safari hii alikaa kwa uzito wake wote, mgongo umeegemea, miguu imenyooshwa mbele chini ya meza mpaka ikagusa ya yule mzee wa kofia. Sahani ikaja mbele yake, imejaa mpaka ukingoni, na hakujua ni nani aliyeipakua wala ni nani atakayeiosha. Akakata kipande cha nyama, akakionja, akafikiri kidogo. Halafu akageuza kichwa kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa kuhudumiwa, akauliza uwanja mzima:

"Limau hakuna?"

Watu watano wakasimama.